Swali la Nne na Kibuyu cha Uji

Kijitabu cha chuo kilikuwa na kurasa kumi na mbili za mambo ya kutarajia ukisoma kwa kompyuta, na mimi nilizisoma zote mara mbili. Kilisema nitarajie upweke, kwa sababu darasa halipo. Nitarajie kujisukuma mwenyewe kama mkokoteni, kwa sababu mwalimu wa kunisukuma yuko Nairobi na hanijui. Nitarajie laini ya simu kukatika sentensi ikiwa katikati. Kilisema pia kwamba kila mwanafunzi atapewa mwenzi wa masomo, mtu asiyemjua, na kazi ya kila wiki wataiandika wawili. Hakuna ukurasa hata mmoja ulionionya kwamba mwenzi huyo angekuwa Kirimi wa Nkubu, kule Meru.

Na mimi nilikuwa mtu wa kuonywa. Mwanamume wa kwanza kuniposa, wa kule Kenol, aliniacha kitambaa cha gauni kikiwa kimeshakatwa. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaona kitambaa chenyewe hakina kosa, nikakishona mapazia ya sebule ya mama, na mpaka leo wageni huyasifu. Kwa hiyo nilipojiandikisha diploma ya usimamizi wa ushirika, nikiwa na miaka ishirini na tisa na kazi ya kupima buni kwenye kiwanda cha kahawa, niliapa kwamba safari hii nitapenda vitabu peke yake.

Siku hizo, mwaka wa tisini na tisa, barua-pepe haikuwa kitu cha kufungulia chumbani. Ilibidi nitoke kwetu Kiganjo niende Nyeri mjini, kwa ofisi ya Ngatia iliyokuwa juu ya duka la mbegu. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni Ngatia aliunganisha mashine yake na simu, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, akavuta barua za watu wote kwa anwani moja, akazichapisha, akazikunja, akazibana pini moja moja, na kuzitia kwenye kreti la soda lililosimamishwa ukutani. Vyumba ishirini na vinne, kila mtu na chake. Changu kilikuwa cha pili kutoka kona.

Ngatia alisoma kila kitu. Hakuwa mtu mbaya. Angechapishaje bila kuona? Ndiyo sababu mimi na Kirimi tulijifunza kujificha ndani ya masomo. Akitaka kujua nimeamkaje, aliuliza hali ya wanachama wa Nyeri. Nikimkumbuka sana, nilimwandikia maelezo marefu ya sheria za mkutano, kurasa mbili, na hakuna mtu aliye na akili zake anayeandika kurasa mbili za sheria za mkutano bila kuwa anaumwa mahali. Sikuwa nimeona hata picha yake. Nilijua alikuwa mtunza stoo wa chama cha maziwa, kwamba mama yake hukohoa msimu wa baridi, na kwamba saa kumi jioni mimi naye tulikuwa tumesimama kwenye miji miwili tofauti, tukisubiri mbuzi mmoja alie.

Miezi kumi na moja ilienda hivyo. Kisha nikamwandikia kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini Novemba kuna watu wanataka kuja kwetu kujua nyumbani, yaani kuniposa, na watakuja na kibuyu cha uji. Nikamweleza na maana ya huo uji. Nikafunga barua kwa swali la nne, ambalo lilikuwemo kweli kwenye kazi ya wiki hiyo: mwanachama akinyamaza mikutano mitatu mfululizo, je, ahesabiwe amejitoa?

Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili, kimya. Wiki ya tatu Ngatia aliniinulia mikono yote miwili mitupu nikiwa bado kwenye ngazi, nikageuka bila kufika juu.

Hapo ndipo nikamwambia mama, basi waje.

*

"Hiyo sura ubadilishe," mama aliniambia jikoni Jumamosi hiyo, akipanga vikombe kwenye sinia. "Watu watafikiri nimewaita matangani."

"Ndiyo sura niko nayo, mama."

"Uko na ingine. Nilikuzaa, najua zote." Akashusha sauti. Mama yangu, Monicah wa kikundi cha akina mama cha kanisa, alipunguza sauti kwa Mungu peke yake na kwa mambo mazito. "Murugi, Mwalimu Gicheru ni mtu. Mke wake alipokufa alilea wale watoto wawili na hatukusikia kelele. Hanywi. Hatukani. Ng'ombe wake anaitwa kwa jina na anaitika."

"Sijakataa kwamba ni mtu."

"Sasa ni nini?"

"Mtihani wangu ni Jumamosi ijayo, huko Kutus. Nimesoma mwaka mzima."

Mama akafuta kikombe ambacho kilikuwa kisafi. "Baba yako mdogo amesema. Ukionja uji, mambo ya mashine yamekwisha. Ati mke wa mtu atapanda ngazi za Ngatia kila saa kumi akitafuta nini?"

"Diploma."

"Diploma gani inafanya mtu ashuke ngazi akilia? Unafikiri mjini sina watu wa kuniambia?" Akaniangalia, na macho yake yakawa laini ghafla, jambo lililoniumiza kuliko kama angenipiga mwiko. "Nilikuona na yule wa Kenol. Siwezi kukuona hivyo tena. Huyu mwingine hata hujui kama ana meno."

Wiki tatu ni nyingi. Nikainua sinia.

*

Walikuja saba. Msemaji wao alikuwa Mzee Mwai, mzee aliyetamka kila neno kana kwamba limetoka kuoshwa. Mwalimu Gicheru aliketi karibu na dirisha, suti ya kijivu, chaki kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba. Upande wetu aliongoza baba mdogo Kihara, ndugu ya marehemu baba, ambaye tangu baba afe alikuwa amejipa kazi ya kukataza.

Kibuyu kilikaa katikati ya meza, kimezibwa kwa jani la mgomba. Zamani kilikuwa na pombe ya asali. Sisi watu wa kanisa tuliihamisha mila ikakaa kwenye uji wa wimbi, lakini swali halikuhama: binti huitwa mbele, humiminiwa yeye kwanza, na mzee wa wageni huuliza, tunywe? Binti akionja, wote hunywa na mambo husonga. Akikataa, kibuyu hurudi kilikotoka, na nyumba hubaki ikitazamana.

"Mapazia haya ni mazuri," Mwalimu Gicheru alisema, akijaribu kuanzisha mazungumzo.

"Nilishona mimi," nikasema. "Yana historia."

Mama alinikanyaga mguu.

Wakazungumza habari ya mvua, wakazungumza habari ya kahawa, kisha Mzee Mwai akauliza, kwa heshima, binti mwenyewe anafanya nini siku hizi.

"Huyu ako chuo," mama akasema, akinyoosha shingo.

"Alikuwa," baba mdogo Kihara akasahihisha.

"Ako! Na chuo kinamwandikia mpaka leo." Kabla sijajua anaenda wapi, mama alikuwa ameinuka, amefungua kabati la vyombo, na kutoa karatasi iliyokunjwa kutoka chini ya sahani za wageni. "Hii ilikuja jana jioni. Nilienda mjini kununua mkate, Ngatia akanipa nimletee, akasema ni ya chuo. Nikasema niweke, wageni waione."

Nikaitazama karatasi ile, na sebule yote ikaenda mbali. Ngatia hubana barua kwa pini moja. Ile ilikuwa na nne, moja kila pembe.

"Mama, nipe nisome."

"Wewe kaa. Leo wewe ni wa kuulizwa, si wa kusoma. Mwalimu si ako hapa? Atusomee. Wazee wasikie kwamba huyu si msichana wa hivi hivi."

"Mama Murugi," Mwalimu Gicheru akasema polepole, "barua ya mtu..."

"Si ya mtu. Ni ya chuo."

Akanitazama. Nilitaka kusema kitu. Lakini ungesema nini, wageni saba wamekukodolea macho, na uji wa mwanamume mwingine mezani? Akangoja kidogo, kama mwalimu anavyongoja mtoto ajibu. Kisha akaanza kutoa pini kwa ukucha, moja moja, akiziweka kwenye kisahani. Tik. Tik. Tik. Ya nne ilimchelewesha.

"Mpendwa Murugi," akasoma kwa Kiingereza, na kutufasiria.

"Mpendwa?" Kihara akadakia.

"Kiingereza ndivyo kinavyoanza, mzee. Hata barua ya kumfukuza mtu kazi."

Mzee Mwai akacheka kidogo. Mwalimu akaendelea, kwa sauti yake nzuri ya darasa la sita. "Kuhusu swali la nne..."

Akaishusha karatasi kidogo.

Niliona macho yake yakishuka ukurasa, mstari kwa mstari, haraka mwanzoni, kisha polepole. Kidole chake chenye chaki kikafuata mistari, kikasimama karibu na mwisho. Nilisoma barua yangu usoni mwa mwanamume mwingine. Sikujua neno hata moja, lakini nilijua ni ndefu, nilijua mahali pa kuuma ni karibu na mwisho, na kwamba yeyote aliyeiandika hakuwa amejificha. Wiki tatu nilikuwa nimelala na kuamka nikitaka maneno haya, na sasa yalikuwa hatua mbili kutoka kwa goti langu, ndani ya kichwa kisicho changu.

"Mwalimu, mbona?" Mzee Mwai akauliza. "Ni Kiingereza kigumu?"

"Hapana, mzee." Akakohoa. Hakurudi kwenye Kiingereza tena. "Anasema... chuo kinasema hivi. Kuhusu swali la nne: mwanachama akinyamaza mikutano mitatu, asihesabiwe amejitoa. Kimya si kujitoa. Atafutwe kwanza, aulizwe."

Mkono wangu ulienda mdomoni wenyewe.

"Hiyo ni kweli kabisa," Mzee Mwai akasema. "Hata kanisani hatufuti mtu hivi hivi. Unamtuma mtu akamwone."

"Ndiyo, mzee. Na anasema laini za simu zilikatwa na mvua, ndiyo maana jibu limechelewa." Akavuta pumzi. "Na kwamba mtihani uko Kutus, Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi. Asikose."

"Ukurasa mzima huo," Kihara akasema, akinyoosha shingo kuchungulia, "na amesema hayo tu?"

"Kiingereza ni kama ng'ombe mkubwa, Mzee Kihara. Ukikikamua hutoa kidogo." Akaikunja karatasi mara mbili na kuishika mapajani kwa mikono yote miwili. "Kuna jambo moja zaidi. Wanafunzi hawa wamefungwa wawili wawili. Huyu asipofika, mwenzake naye atahesabiwa ameanguka."

"Mwenzake ni nani?"

"Mtu wa Meru. Anaonekana ni... msomi."

"Msichana ama mwanaume?"

Mwalimu Gicheru akafungua mdomo. Nikaona kwamba mtu huyu, ambaye sikuwahi kumfanyia jema lolote, alikuwa tayari kudanganya kwa mara ya pili mbele ya wazee wake kwa ajili yangu. Sikuweza kumwachia mzigo huo.

"Ni mwanaume, baba mdogo," nikasema. "Anaitwa Kirimi."

"Mmeru!" Kihara akaruka kama amekalia kaa la moto. "Monicah, umesikia? Tunakaa hapa na watu wa heshima, kumbe mashine inaleta Wameru!"

"Ongea pole pole, wageni ni..."

"Sitaongea pole pole! Amemwona wapi huyo mtu?"

"Sijamwona," nikajibu.

"Hujamwona!" Akawageukia wazee wote kwa zamu, kama wakili. "Hajamwona!"

Mzee Mwai aliinua mkono, na hata Kihara akaketi. "Mambo ya chuo ni ya chuo," akasema. "Sisi tulikuja na kibuyu. Tufanye kilichotuleta." Akatoa jani la mgomba, akamimina uji kwenye kata. Harufu ya uji wa wimbi uliochachuka vizuri ikajaa sebule, tamu, ya nyumbani, ya kila Jumapili ya utoto wangu. Akanyoosha kata kwangu. "Murugi, binti ya marehemu rafiki yangu. Uji ndio huu. Nakuuliza mbele ya watu: tunywe?"

Nikapokea kata. Ilikuwa na joto. Nikamwangalia mama, naye alikuwa amefumba macho akiomba, najua alichoomba. Nikamwangalia Mwalimu Gicheru, yeye akaangalia mapazia. Mtu mwema, nyumba imara, watoto wanaohitaji mama. Kwa upande wa pili, karatasi moja nisiyoijua. Kijitabu cha chuo kilisema nitarajie kufanya maamuzi bila mtu wa kuuliza. Nilidhani wanazungumzia kazi za nyumbani.

Lakini neno moja nilikuwa nimelisikia. Atafutwe kwanza, aulizwe.

"Mzee," nikasema, "nashukuru kwa kuulizwa. Mwalimu ni mtu mzuri kuliko ninavyostahili, na sitaki aoe mtu anayesikiliza mlango akimngoja mwingine. Msinywe."

Nikairudisha kata mezani, imejaa vilevile, tone halikumwagika.

Kihara aliongea sana baada ya hapo. Mama aliinuka na kuingia jikoni. Ni Mzee Mwai aliyetuliza nyumba. Alirudisha uji kibuyuni, akakiziba kwa jani lake, akasimama. "Tumeuliza, tumejibiwa," akasema. "Mila hii ingekuwa haina jibu la hapana, basi isingekuwa swali."

*

Mwalimu Gicheru alibaki nyuma ya wenzake, pale kwenye lango, akijifanya kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Mwalimu, nisamehe."

"Miaka kumi na nne nafundisha watoto wasome kilichoandikwa," akasema akiinuka. "Leo nimeiharibu kazi yote kwa dakika tano."

"Kwa nini hukuisoma tu? Mambo yangeisha pale pale."

Akafikiri. Kwa mbali Kihara alikuwa bado anamwelezea mtu fulani kuhusu mashine. "Ningeisoma mimi," akasema, "ungeisikia kwa sauti yangu maisha yako yote. Barua kama hiyo mtu huisoma mwenyewe." Akaitoa mfukoni mwa koti. "Mke wangu nilimwandikia moja kama hii, zamani. Sikumpa. Tulikaa kilima kimoja, nikaona haya, nikasema ataelewa tu. Sijui kama alielewa."

Akaiweka karatasi mkononi mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kama unavyomfungia mtoto kitu asikiangushe njiani.

"Ukiumizwa na huyo Mmeru," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu, "niambie. Niko na wanafunzi wa darasa la nane wanaorusha mawe vizuri."

Akaenda. Nilipofungua ngumi yangu, ndani ya barua kulikuwa na pini zote nne.

Niliisomea nyuma ya zizi, ng'ombe akinitazama.

*Mpendwa Murugi,*

*Kuhusu swali la nne. Kimya si kujitoa. Mwanachama atafutwe kwanza, aulizwe. Niulize. Mvua ilikata laini zote za simu hapa Nkubu, na barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama, na nimeshindwa kukaa tangu hapo.*

*Ndugu Ngatia, najua unasoma. Soma, kisha ubane vizuri.*

*Murugi, miezi kumi na moja nimejificha ndani ya ushirika. Sasa natoka. Sijui uso wako. Najua ukifurahi sentensi zako huwa fupi, na ukihuzunika unanieleza sheria za mkutano. Nikisikia gari la Nyeri linapita barabarani, naliangalia mpaka lipotee, na simjui mtu yeyote aliye ndani. Nakutaka kama mtu anavyotaka nyumbani kwao, na sijawahi kufika.*

*Kama umeshaonja uji wa watu, njoo hata hivyo Kutus tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi, ufanye mtihani. Sitakusemesha, na nitakutakia mema kwa moyo wote, hata kama moyo wenyewe utakuwa hauko sawa. Kama hujaonja, nambari zetu zimefuatana. Wewe utakaa mbele, mimi nyuma yako. Usigeuke mpaka wakusanye karatasi, la sivyo watatufukuza wote wawili, na nimesoma sana.*

*Kirimi.*

Niliisoma mpaka ng'ombe akachoka kunitazama.

*

Mama hakuniongelesha wiki nzima. Alizungumza na kuku. "Kuku, mwambie huyo chai iko mezani." "Kuku, muulize kama anafikiri nguo zitajifua." Mimi nami nikawa namjibu kuku, na kuku akanenepa kwa umuhimu.

Alfajiri ya Jumamosi nilimkuta mama ameniwahi jikoni. Alikuwa akimimina uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, ile kubwa yenye maua.

"Mama," nikasema, "nani anakuja tena?"

"Hakuna anayekuja." Alikaza kifuniko kwa nguvu, bila kunitazama. "Huu si wa kuulizwa. Huu ni wa njaa. Kutus ni mbali." Akanitia chupa mkononi. Kisha, akiwa amenipa mgongo: "Na huyo mtu, uangalie meno."

*

Ukumbi wa mtihani ulikuwa wa kanisa, madawati yamepangwa kwa mistari, kila dawati na nambari yake kwa chaki. Nilifika mapema mno. Nikaipata nambari yangu, nikaweka chupa ya uji chini, nikakaa, nikatazama ubao. Watu wakaingia mmoja mmoja. Kila hatua nyuma yangu niliipima. Hii ni nzito sana. Hii ni ya mwanamke. Hii imepita.

Kisha moja ikaja, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kiti kikavutwa taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Harufu ya sabuni na koti lililonyeshewa njiani.

"Macho mbele!" msimamizi akasema. "Ukigeuka, umejifukuza mwenyewe."

Masaa matatu mazima. Nimewahi kungoja mambo, nilimngoja hata wa Kenol, lakini sijawahi kungoja kitu kilichokuwa kinapumua karibu na shingo yangu. Alikohoa mara moja, nikaandika neno moja mara mbili. Kalamu yake ilikwaruza haraka, ikasimama, ikakwaruza. Nikajua ndivyo anavyofikiri, kwa vipande. Swali la nne lilipofika nililijibu bila kusoma mara ya pili.

Katikati ya mtihani kalamu yake ilianguka. Ikabingirika chini ya dawati langu, ikagota kwenye kisigino changu. Msimamizi alikuwa anatutazama. Sikugeuka. Nilivua kiatu, nikaisukuma nyuma kwa kidole cha mguu, polepole, mpaka nikahisi imepokelewa. Vidole vyake viligusa kisigino changu, muda wa kuvuta pumzi, vikaondoka. Miezi kumi na moja yote, hilo ndilo jambo la kwanza tulilopeana bila Ngatia kuliona.

Karatasi zilikusanywa kuanzia mbele. Yangu ikaenda. Nikasikia yake ikichukuliwa. Msimamizi akazihesabu, akalamba kidole, akazihesabu tena, Mungu amsamehe.

"Haya. Mnaweza kwenda."

Ukumbi wote ukaanza kelele. Mimi nilikaa, mikono imeshika dawati. Ni rahisi kumpenda mtu usiyemwona. Nilijua hivyo. Nikageuka.

Alikuwa mrefu kuliko barua zake. Uso mwembamba, macho ya mtu ambaye hakulala, wino kidevuni. Alikuwa na meno, yote. Tulitazamana mpaka aliyekuwa jirani yetu akaona aibu akaondoka.

"Swali la nne," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo kidogo, wala haikufanana na ya mtu yeyote mwingine duniani. "Uliandika nini?"

"Kwamba aulizwe," nikasema.

Akacheka, nami nikacheka, na machozi yakanitoka bila ruhusa, nikainama kuyaficha nikijifanya natafuta chupa. Nikaifungua. Mvuke ukapanda kati yetu. Nikammiminia kwenye kifuniko, naye akapokea kwa mikono miwili, maana alikuwa ametoka Nkubu gizani na hakuwa ametia kitu tumboni. Kifuniko kilikuwa kimefika karibu na midomo yake alipoona ni nini.

"Ni ule uji?"

"Mama anasema huu si wa kuulizwa. Anasema huu ni wa njaa."

Kirimi aliutazama, kisha akanitazama mimi. Niliisikia njaa yake kutoka mahali nilipokuwa. Akaurudisha wote kwenye chupa, kwa uangalifu, bila kumwaga tone, akakikaza kifuniko na kunirudishia.

"Ufunike vizuri," akasema. "Nitakuja na wazee wangu waulize."